Maji na Ufugaji wa Samaki (3): Samaki Hupumua Kabla ya Kula

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia uchaguzi wa mbegu bora ya sato na uchimbaji wa bwawa lisilovujisha maji. Leo, ndugu msomaji, tunatoka bwawani na kuingia Ziwa Victoria, kwenye vizimba vya nyavu. Ufugaji huu umeenea haraka katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Upande wa Tanzania ulipata msukumo mkubwa mwanzoni mwa 2024, Serikali ilipoanza kugawa boti na vizimba kwa mkopo nafuu jijini Mwanza.

Anayetaka kuanza huuliza kizimba ni bei gani, vifaranga vinapatikana wapi, na mfuko wa chakula unauzwaje. Maswali hayo ni ya msingi. Lakini kuna moja linaloamua kama atavuna samaki wake au atawazika: maji ya mahali pale yana oksijeni kiasi gani alfajiri?

Lita moja ya hewa tunayovuta ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya Ziwa Victoria, lililo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hushika kama miligramu 7 tu joto likiwa nyuzi 25. Maji yakizidi kupata joto, kiasi hicho hupungua, na wakati huohuo mwili wa samaki hudai zaidi. Sato hustawi oksijeni ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3, hula kwa kusuasua, hudumaa na kushikwa na magonjwa kwa urahisi. Ikiendelea kushuka, hufa.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua kizimba cha mita 6 kwa 6 chenye kina cha mita 2.5. Ndani yake mna mita za ujazo 90 za maji. Tuseme kina tani mbili za sato waliokaribia kuvunwa. Wakiwa wameshiba, tukadirie kila kilo ya samaki inatumia miligramu 250 za oksijeni kwa saa. Jumla ni gramu 500. Maji yakiwa na miligramu 6 kwa lita, nasi hatutaki zishuke chini ya 3, akiba tuliyo nayo ni gramu 270. Maji yakisimama tuli, akiba hiyo inakwisha kwa muda wa nusu saa hivi.

Basi kinachowaweka hai samaki wa kizimbani ni mkondo. Ili kuleta gramu 500 kila saa, zinahitajika mita za ujazo 167 za maji mapya, na hizo hupita kizimbani hata kwa mwendo wa mita 11 kwa saa, polepole kuliko kobe. Lakini mkondo huohuo ukija na miligramu 4 badala ya 6, kila mita ya ujazo inaleta gramu moja ya ziada badala ya tatu, na sasa zinatakiwa mita za ujazo 500. Nyavu zikiota ukoga, maji hayapiti. Vizimba kumi vikipangwa mstari mmoja kuufuata mkondo, cha mwisho kinavuta maji yaliyokwisha kupumuliwa na tisa vilivyotangulia.

Oksijeni ya ziwani ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni upepo unaoyakoroga maji ya juu. Cha pili ni mwani, mimea midogo mno inayoyapa maji rangi ya kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua; usiku nao hupumua na kuitumia ileile iliyozalishwa. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Anayepima saa sita mchana akaona miligramu 8 anaweza kurudi nyumbani ameridhika, na kesho yake akawakuta samaki wakihema midomo juu ya maji.

Tena ziwa halina maji ya aina moja kuanzia juu hadi chini. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu, yenye joto, huwa mepesi na hukaa juu ya maji ya chini yaliyo baridi na mazito zaidi, wala hayachanganyiki. Mabaki ya mwani uliokufa huzama na kuozea chini, na bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni huko. Upepo mkali wa kusi unapovuma katikati ya mwaka, matabaka hayo huvunjika na maji huchanganyika. Wakati mwingine dhoruba husukuma maji ya chini hadi kwenye ghuba zenye kina kifupi, na vizimba vilivyomo hukumbwa na maji yasiyo na pumzi.

Hali hii imezidi kuwa mbaya. Mwaka 1960 na 1961 mtafiti Jack Talling alipima maji ya ziwa hili kwa makini. Miongo mitatu baadaye, Robert Hecky na wenzake walikuta tabaka lisilo na oksijeni limepanda juu zaidi na hudumu muda mrefu zaidi. Sababu kubwa ni naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, mijini na hewani, ambazo hurutubisha mwani kupita kiasi. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi vizimbani, na watafiti walitaja upungufu wa oksijeni kuwa chanzo.

Ni lazima tuseme wazi kwamba vizimba vyenyewe huongeza mzigo huo. Kupata kilo moja ya sato huhitaji kama kilo moja na nusu ya chakula. Chakula hicho kikiwa na protini asilimia 30, kina gramu 72 za naitrojeni. Mwili wa samaki hubakiza kama gramu 25. Zilizosalia, karibu theluthi mbili, huingia majini kama amonia itokayo kwenye matamvua, na kupitia kinyesi na chakula kisicholiwa. Mfugaji anayemwaga chakula ovyo anapoteza fedha, na papo hapo anaulisha mwani utakaowanyima samaki wake pumzi.

Utaalamu wa kukabiliana na haya upo. Kizimba kiwekwe mahali penye mkondo, ambapo kina cha maji kinafikia angalau mara mbili ya kina cha kizimba, ili uchafu usirundikane chini yake. Mistari ya vizimba ikingame dhidi ya mkondo, isiufuate. Nyavu zisafishwe mara kwa mara. Oksijeni ipimwe alfajiri na jioni, juu na chini ya kizimba. Ikiwa chini ya miligramu 3, usilishe, kwa sababu samaki aliyeshiba hudai oksijeni zaidi ya mwenye njaa. Mashine za kupuliza hewa husaidia kwa dharura, ila zisivute maji ya chini na kuyaleta juu.

Hata asiye na kipima oksijeni anaweza kupima jambo moja. Mwaka 1865 padre Mwitaliano Angelo Secchi alitumia kisahani cheupe kilichofungwa kwenye kamba: unakizamisha na kuangalia kinatoweka kwenye kina gani. Kikitoweka mapema kuliko wiki iliyopita, na maji yana ukijani, ujue mwani umeongezeka na usiku utakuwa mgumu.

Taasisi zetu za utafiti wa uvuvi, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Uganda, zina wataalamu wa kupima maji. Kinachohitajika ni vipimo hivyo kumfikia mfugaji kabla ya saa ya kulisha, vitangazwe mwaloni na kutumwa kwa simu. Kila mkopo wa vizimba ujumuishe kipima oksijeni na mafunzo ya kukitumia. Na idadi ya vizimba katika ghuba itokane na uwezo wa maji yake, isitokane na wingi wa waombaji. Ghuba ikishajaa, mwombaji aelekezwe kwingine, hata kama fedha zipo. Kumkatalia leo ni kumlinda yeye na majirani zake.

Wiki ijayo tutarudi bwawani kuona jinsi naitrojeni hiyo inayotusumbua ziwani inavyoweza kuwa mbolea ya mchicha, nyanya na mpunga.