Pazia la mpiga picha halikunjwi kama shuka

Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho takriban kila mmoja wetu amewahi kukipa mgongo, tena kwa kuombwa na kwa kulipia. Ni lile pazia linalotundikwa nyuma ya mteja katika studio ya picha.

Ukirudi nyumbani leo, toa albamu ya familia uitazame upya, lakini safari hii ziache nyuso na uangalie kilicho nyuma yake. Aghalabu utaona mistari miwili iliyopitana kama msalaba, pale nguo ilipokunjwa mara nne. Utaona duara jeusi usawa wa vichwa, na chini kabisa alama ya soli ya kiatu cha mteja mwingine aliyepita kabla yenu. Siku mlipopigwa picha hakuna aliyeyaona hayo, kwa sababu kila mtu alikuwa anajitazama mwenyewe katika kioo. Picha ikishatoka, yale madoa yanakuwa jamaa zenu. Yatakaa ukutani miaka 40, na wajukuu watayakuta.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, kwani siku hizi kompyuta hufuta doa na hata kuweka bahari mahali palipokuwa na ukuta. Kwa picha ya kufurahisha marafiki, sina ubishi. Lakini studio nyingi za mitaani zilizosalia baada ya simu kuota kamera zinaishi kwa picha ndogo za vitambulisho na za safari, na huko hakuna mzaha. Picha ya kuombea viza ya Marekani, kwa mfano, hutakiwa iwe na nyuma nyeupe au inayokaribia weupe, na isiwe imerekebishwa kwa kompyuta. Mteja akirudishwa dirishani kwa sababu ya kivuli cha kunyanzi, mwenye studio atarudia kazi bure, na kesho mteja huyo atakwenda kwa jirani. Kwa hiyo pazia safi ni mtaji, kama kamera ilivyo mtaji.

Basi pazia huchafuliwa na nini? Adui wa kwanza ni mafuta ya nywele. Mteja akiambiwa akae wima, hurudi nyuma mpaka kichwa kiguse nguo. Wateja 20 kwa siku hutosha kuacha alama. Poda na rangi za uso za maarusi hufuata, kisha vumbi, na masika yakiingia, tope la viatuni. Dawa ya yote hayo haigharimu kitu: msogeze mteja mbele. Akikaa mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye pazia, hataligusa, kivuli chake hakitaliangukia, na hata mikunjo midogo itafifia katika picha kwa sababu kamera imelenga uso wake. Studio nyingi ni finyu, najua, lakini hata nusu mita huleta tofauti.

Likishachafuka, usikimbilie beseni. Jiulize kwanza limetengenezwa kwa kitu gani, kwani kinachosafisha pazia moja ndicho kinachoua jingine.

Lililo jepesi kulitunza ni la pamba, yaani marekani, nguo ile ambayo jina lake lilitokana na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliokuwa wakiileta Unguja katika karne ya 19. Likiwa limepakwa rangi ya nguo tu, bila kuchorwa, hufulika. Anza kwa kulitundika nje penye upepo, ulikung'ute na kulipiga brashi laini kutoka juu kwenda chini. Mara nyingi hiyo hutosha. Doa bichi la mafuta linyunyizie poda ya watoto au unga laini wa wanga, uache saa kadhaa unyonye, kisha ukung'ute. Doa lililokaidi liguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni isiyo kali, ukiligonga-gonga taratibu bila kusugua, maana kusugua hulisambaza.

Ikibidi kulifua lote, lifue peke yake, kwa maji baridi. Jiki usiisogeze karibu, labda nguo iwe nyeupe tupu. Kumbuka pia kwamba pamba hunywea, hasa inapofuliwa mara ya kwanza. Pazia la futi 10 kwa 20 likilowa huwa zito kupita nguvu za mtu mmoja, kwa hiyo tafuta msaidizi wa kukamua na kuanika. Lianike kivulini, kwa sababu jua letu la saa saba halikaushi tu, linakula rangi pia, na pazia lililochujuka upande mmoja ni baya kuliko lililochafuka. Wala usilitie wanga wa kunyooshea, kwani wanga ni chakula cha mende na wadudu wa makabatini.

Pazia lililochorwa ni habari nyingine kabisa. Hapa nasema juu ya turubai lenye michikichi, ngazi za kifahari au ndege inayopaa. Hilo halizamishwi majini hata siku moja. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo sana, uguse pembeni mahali pasipoonekana katika picha. Kitambaa kikitoka na rangi, ujue mchoraji alitumia rangi isiyostahimili maji, na wewe utabaki na brashi laini kavu peke yake. Kisipotoka na rangi, unaweza kupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, sehemu ndogo kwa sehemu ndogo, ukikausha kabla ya kuendelea.

Mahameli jeusi, linalopendwa kwa sababu humeza mwanga, hupigwa brashi kuelekea upande mmoja tu, ule unaolaza manyoya yake. Nyuzi na nywele zilizonasa huondolewa kwa gundi ya karatasi, ile ya kufungia maboksi, iliyozungushwa mkononi upande wa kunata ukiwa nje. Usiweke pasi juu ya manyoya yake, yatalala yasiinuke tena. Mapazia ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine, kama mabango, hupanguswa kwa maji na sabuni kidogo, kisha hukaushwa pande zote mbili kabla ya kuviringishwa.

Iko pia karatasi ya roli, pana kiasi cha mita 2.72, inayoshuka kutoka juu na kutandazwa mpaka sakafuni. Hiyo haifuliwi wala haipanguswi kwa maji. Ikichafuka, kipande kilichochafuka hukatwa na kingine huvutwa, ndiyo maana ikatengenezwa kwa roli. Roli lenyewe ni mita 11 tu kwa kawaida, kwa hiyo kila kipande kinachokatwa ni pesa. Mwambie mteja avue viatu, au upanguse soli zake kwa kitambaa kabla hajakanyaga. Kifutio cheupe cha wanafunzi kinaweza kuondoa alama nyepesi.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi, maana mapazia mengi zaidi huharibikia kabatini kuliko kazini. Mazoea yetu ni kulikunja kama shuka na kuliweka chini ya meza. Matokeo ndiyo ule msalaba niliousema. Kwa turubai lililochorwa hasara ni kubwa zaidi, kwani rangi ikikunjwa hupasuka, na palipopasuka hubanduka. Pazia lililochorwa huviringishwa kama mkeka. Tafuta bomba la karatasi ngumu linalobaki katika maduka ya vitambaa au mazulia, au bomba la plastiki la inchi 4 la mafundi bomba. Likiwa nene zaidi ni bora. Lifunike kwa kitambaa safi cheupe, kisha viringisha turubai polepole, upande wenye rangi ukiwa nje. Wengi huficha rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndani hubanwa ikajikunja. Ikiwa nje hutanuka kidogo na kutulia.

Marekani lisilochorwa nalo huviringishwa ukiwa na nafasi. Kama huna, nitakuambia jambo litakaloshangaza mama wa nyumbani: afadhali kulisokota na kulisokomeza ovyo katika mfuko wa kitambaa kuliko kulikunja kwa ustadi. Mikunjo ya ovyo ikiingia pichani huonekana kama mawingu, lakini mstari ulionyooka wa pasi au wa kukunja huvuta jicho moja kwa moja. Ukitaka lisiwe na mkunjo wowote, litundike usiku, ulivute kwa vibanio pembeni, ulinyunyizie maji kidogo kama manyunyu. Asubuhi utalikuta limejinyoosha. Pasi ya mkaa iogope, maana cheche moja hutosha.

Roli la karatasi lisimamishwe wima pembeni, kwani likilazwa muda mrefu likiwa limeegemea ncha mbili hupinda katikati, na mawimbi yake hayatoki tena.

Sisi wa miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, tuna adui wa ziada, nao ni unyevu. Pazia likiwekwa likiwa na majimaji, au katika chumba kisichopitisha hewa, huingia kawa, vile vidoa vyeusi vinavyonuka. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani. Kawa ikishaingia ndani ya uzi huweza kusafishwa isienee, lakini doa mara nyingi halitoki. Kwa hiyo usilifunge kwa nailoni, ambayo hufungia jasho ndani. Tumia shuka kuukuu safi. Liweke juu ya uchaga, mbali na sakafu na mbali kidogo na ukuta, kwa ajili ya unyevu na kwa ajili ya mchwa. Kila baada ya mwezi au miwili, hasa wakati wa masika, lifungue lipate hewa. Ukikuta limeanza kawa, litoe nje, lianikwe hadi likauke kabisa, kisha ulipige brashi huko huko nje huku umeziba pua na mdomo, kwani vumbi lile ni baya kwa kifua.

Huenda msikilizaji anasema, maneno yote haya kwa ajili ya kitambaa? Naam. Nchini Mali, katika mji wa Bamako, alikuwako mpiga picha jina lake Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alilitumia miaka kadhaa, kisha akabadilisha, na baadaye akabadilisha tena. Alipokuwa mzee, picha zake zilipoanza kuonyeshwa Ulaya na Marekani, watu walitaka kujua kila picha ilipigwa mwaka gani. Hakuwa ameandika, lakini alitazama nyuma ya watu, akaliona pazia, na kwa pazia lile akaukadiria mwaka. Keïta alifariki mwaka 2001, na mashuka yale yanajulikana leo na watu ambao hawajawahi kukanyaga Bamako.

Na sisi tulikuwa na ya kwetu. Katika miaka ya 1990, pale kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa kwa mkono, na abiria wakapigwa picha mbele yake kabla ya kuvuka. Katika miji yetu mingi walikuwako wachoraji wa namna hiyo, waliochora jioni wakalipwa asubuhi. Picha zao ziko katika albamu zetu. Majina yao je? Nyuma ya watu, wala hayasomeki. Na turubai nyingi ziliishia kufunika mikokoteni au kukatwa vipande vya kupangusia sakafu pindi plastiki iliyochapwa ilipoingia.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wenye studio. Pazia la zamani lililochorwa, hata kama halina mteja tena, msilikate. Lipigeni brashi, liviringisheni, na kabla ya kulifunga andikeni kwa penseli upande wa nyuma mambo matatu: mwaka mlioanza kulitumia, mwaka mliloliacha, na jina la aliyelichora. Kama yungali hai, mwulizeni wiki hii.

Na wewe mteja, siku ukienda kupigwa picha, kabla ya kujitazama katika kioo, geuka kwanza nyuma. Ukiona doa, sema kabla hujakaa. Mwenye studio atanuna dakika mbili, lakini wajukuu wako hawataliona doa lile.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.