Kidole Chenye Wino

Sogeeni, wajukuu. Leo sina hadithi ya sungura. Nataka mumwone kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Jina mpeni wenyewe, maana wa namna yake ni wengi hapa Goma. Amekamatwa, tuseme kabla ya 2025, kwa ugomvi juu ya gunia la makaa. Afisa anamhoji kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa, kisha anamsogezea karatasi atie sahihi. Kijana hajui kusoma. Anachovya kidole gumba kwenye wino, anakikandamiza chini ya maneno asiyoyajua. Pengine yanasema alipigana. Pengine yanasema aliiba.

Karatasi hiyo ndiyo itakayomtangulia parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kwa hakimu, hadi mlangoni mwa gereza la Munzenze.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ibara ya 18, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na polisi wasimshikilie zaidi ya saa 48. Kijana wetu siku anaweza kuzihesabu. Asichoweza ni kuandika barua ya kudai haki yake. Na Munzenze ya miaka ile, kabla wafungwa hawajatoroka na moto kuwaka Januari 2025 (siku hiyo siisimulii mbele ya watoto), ilijengewa watu wachache ikabeba maelfu. Faili la asiyeandika, nani atalikumbuka?

Sikilizeni sasa kalamu inavyoweza kusaidia hata gerezani. Kule Uganda, katika gereza la wanawake la Luzira, alikuwako Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002. Yeye na wenzake 417 walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hakimu asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo bila kupima habari za kila mtu. Kesi waliibeba mawakili, nisiwadanganye. Lakini humo gerezani wanawake walianza kufundishana, Kigula akasoma sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, akawa anawasaidia wenzake kuandaa rufaa. Mwaka 2016 alitoka.

Naona mmoja wenu amenuna. Anasema: "Mwizi asome bure, na kaka yangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, ada ya shule?" Una haki ya kukasirika. Ila minervali ya kaka yako haikuliwa na chaki ya gerezani. Kwa darasa la kule hutosha mfungwa mmoja anayejua na ukuta wa kuandikia. Tena umesema mwizi. Wengi wa Munzenze walikuwa bado wanasubiri kesi, na hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba waliiba chochote.