Matabishi: Kinywaji Kilichogeuka Fedha

1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili atokaye pwani akifika Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, hasumbuliwi kwa muda mrefu na sarufi ya Kingwana, kwani sikio huzoea. Kinachomtatiza ni maneno machache yaliyo kinywani mwa kila mtu. Mojawapo ni matabishi. Akiwa sokoni humsikia mnunuzi wa mchele akisema, "Mama, uniongezee matabishi." Akishushiwa mizigo huulizwa, "Papa, na matabishi yetu?" Akifika mbele ya meza ya karani, huenda akalisikia neno lilo hilo, safari hii kwa sauti ya chini. Makala hii inakusudia kueleza asili ya neno hilo, maana zake, na sababu inayompasa mfasiri kulitumia kwa hadhari.

2. Asili ya neno

Neno limetokana na Kireno, mata-bicho, yaani "kiua mdudu". Ilisemwa kwa mzaha kwamba tumboni mwa mtu mna mdudu aamkaye naye asubuhi, na kwamba funda moja la kileo kikali kabla ya kula humwua. Kileo chenyewe kikapewa jina hilo. Wafaransa nao walisema "kuua mnyoo" kwa maana iyo hiyo; na Waingereza, katika misimu yao, hukiita kileo cha kuondolea machovu ya ulevi wa jana "unywele wa mbwa aliyekuuma". Tabia ya misimu ya ulevi ni moja kila mahali: kileo huitwa dawa, na mnywaji hujifanya mgonjwa.

Kutoka hapo maana ilishika njia mbili. Huko Angola na Msumbiji, kinywaji cha asubuhi kiligeuka kuwa chakula cha asubuhi, na leo neno hilo ni kifungua kinywa. Katika Kongo, kinywaji kiligeuka kuwa fedha ya kukinunulia, kisha zawadi yoyote ndogo. Mabadiliko haya si ya ajabu. Neno la Kifaransa pourboire maana yake ni "kwa ajili ya kunywa", na Trinkgeld la Kijerumani ni "fedha ya kunywa". Yote mawili leo ni bakshishi tu.

Njia lililopita neno inastahili kuangaliwa. Kiswahili cha Maniema kililetwa na misafara ya karne ya 19, iliyotoka Ujiji ikapita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe. Lugha hiyo ya pwani ilikwisha kuwa na neno la Kireno la kinywaji, nalo ni mvinyo. Matabishi halikuja kwa njia hiyo. Limetoka upande wa Atlantiki, ambako Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893, utawala wa upande wa magharibi ulikutana na lugha ya upande wa mashariki. Hivyo Kireno kimeingia katika Kiswahili kwa milango miwili, na kila mlango umeleta kileo chake.

Kwa upande wa maumbo, silabi ma-, iliyokuwa sehemu ya kitenzi cha Kireno mata, "ua", imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli. Ndiyo sababu watu husema matabishi yangu, matabishi mengi.

3. Maana za sasa

Tunaweza kutenga maana nne:
(a) nyongeza ya muuzaji, kama vile konzi ya mchele juu ya kopo lililokwisha kujaa;
(b) ahsante apewayo mtu baada ya kazi, mbali na ujira wake;
(c) zawadi ndogo isiyo na sababu maalumu;
(d) fedha itakiwayo na mwenye mamlaka kabla ya kutoa huduma iliyo haki ya mwombaji.

Kati ya (b) na (d) kuna tofauti mbili: wakati, na nani apangaye kiasi. Neno halizionyeshi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mtumishi akosaye mshahara kwa miezi mingi, jambo lililokuwa la kawaida wakati wa Zaire (1971–1997), huomba (d) kwa jina la (b), na mwombwaji hukosa neno la kukataa, kwani nani akatae kushukuru?

Jambo la pili ni la dini. Kasongo ina jamii kubwa ya Kiislamu tangu karne ya 19. Mwislamu hupokea matabishi bila wasiwasi, kwa kuwa kileo kimekwisha kutoweka ndani ya neno. Lakini haja ya kukitaja kinywaji haikufa. Huko Kongo aombaye kwa heshima husema anataka "ya sukre", yaani ya soda. Kenya na Tanzania husemwa chai. Kinywaji cha zamani kilipokauka, kipya kilimiminwa mahali pake.

4. Hitimisho

Mwanafunzi anayefasiri mahojiano kutoka Maniema akiandika rushwa kila aonapo matabishi, humhukumu mwanamke aliyeongezewa konzi ya mchele. Akiandika zawadi kila mahali, humsafisha karani. Kwamba uchaguzi wa namna hii una uzito, Tanzania ni shahidi: takrima, neno la ukarimu, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006, kwa kuwa ukarimu wa mgombea haukuweza kutengwa na rushwa.

Tunapendekeza basi neno liachwe kama lilivyo katika maandishi, na mfasiri aeleze nani alitoa, nani aliomba, na kama ilikuwa kabla au baada. Kamusi itakayoliingiza ianze na (a), ambayo ndiyo matabishi ya sokoni, wala isiifiche (d).