Navratri: Usiku Tisa wa Durga

Navratri ni sikukuu ya Wahindu ya kumtukuza mungu wa kike, Durga, kwa usiku tisa mfululizo, kisha siku ya kumi kusherehekea ushindi wake. Huanza mwezi mchanga unapoandama, Septemba au Oktoba. Kwa kuwa kalenda ya Kihindu hufuata mwezi, tarehe huhama: mwaka 2023 ilianza Oktoba 15, mwaka 2025 Septemba 22. Hata hivyo haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, maana takriban kila miaka mitatu Wahindu huongeza mwezi wa kumi na tatu ili sikukuu zisiachane na majira. Huko India ni wakati ambapo mvua zimekatika na mavuno yamekaribia.

Kisa chenyewe kinahusu zimwi liitwalo Mahishasura, lililoweza kujigeuza nyati dume. Lilijinyima na kusali hadi mungu Brahma akalitunukia kinga: lisiuawe na mungu wala mwanamume yeyote. Wanawake hawakutajwa, kwa sababu zimwi halikuwahofia. Baada ya kupata kinga hiyo liliwafukuza miungu mbinguni. Wao wakaunganisha nguvu zao, na katika nguvu hizo akatokea Durga. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali, Indra radi, na mlima Himalaya ukamletea simba wa kupanda. Alipigana na kulishinda zimwi, na kisa hicho kimehifadhiwa katika Devi Mahatmya, maandiko ya Kisanskrit yenye zaidi ya miaka elfu moja.

Afrika Mashariki sikukuu hii imeshikiliwa zaidi na Wagujarati, watu wa magharibi ya India. Wafanyabiashara wao walikuwa Zanzibar tangu zamani za masultani. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua ambao wengi wao walikuwa Wapunjabi, lakini ndiyo iliyowafungulia Wagujarati njia ya kwenda kufungua maduka bara, hadi Uganda. Ndiyo maana mahekalu ya Wahindu mara nyingi hayako mbali na mitaa ya biashara: Kisutu mjini Dar es Salaam, Hurumzi mjini Zanzibar, Ngara mjini Nairobi, na katikati ya Kampala. Mfanyabiashara wa mtaa wa Mudzipela anayetoka Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, kwenda Kampala kufuata bidhaa huweza kufanya ununuzi jirani kabisa na hekalu bila kulitambua. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na mahekalu ya nchi hiyo yakabaki bila waumini wake. Waliporejea baadhi yao, hasa baada ya 1986, Navratri nayo ikarejea.

Kiini cha Navratri ya Kigujarati ni ngoma iitwayo garba. Katikati ya uwanja huwekwa chungu cha udongo kilichotobolewa matundu pande zote, na ndani yake taa ya utambi. Mwanga hupenya kwenye matundu, na chungu hicho ndicho kinachosimama mahali pa mungu wa kike, ambaye Wagujarati humwita pia Amba, yaani mama. Siku hizi mara nyingi picha au sanamu yake huwekwa hapo pia. Wachezaji hukizunguka chungu kwa duara wakielekea kinyume cha saa. Kwa desturi huwa pekupeku, kama ilivyo mbele ya kitu kitakatifu. Hatua huanza polepole: makofi mawili au matatu, kuinama kidogo, kugeuka, kusonga mbele. Ngoma inapopamba moto, miduara huongezeka mmoja nje ya mwingine, na mgeni asiyejua hatua huweza kujikuta akielekea upande usio wake katikati ya watu mia kadhaa. Wanawake huvaa sketi pana zilizotariziwa na kupachikwa vioo vidogo, ambazo hupepea kila wanapogeuka. Wanaume huvaa kizibao kifupi chenye marinda mengi kiunoni. Baadaye hufuata dandiya, mchezo wa vijiti viwili kila mtu, wa kugonganisha na mwenzake kwa mapigo huku wakibadilishana nafasi. Inasemekana vijiti hivyo ni panga za Durga.

Garba haihitaji kuhani. Sala ina wakati wake: sinia lenye taa za samli huzungushwa mbele ya sanamu, watu wakiimba, kisha hugawiwa nazi, sukari au matunda yaliyobarikiwa. Lakini usiku wenyewe ni wa waumini wote, bibi na mjukuu. Vikuza sauti na tiketi za kiingilio vimewakera wazee wengi, na kweli kuna kumbi ambamo ni vigumu kuona kwamba ni ibada. Duara, hata hivyo, halijaachwa. Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Wengi hufunga siku hizo tisa. Si kufunga kwa kukaa bila kula kuanzia alfajiri: nyama, nafaka, vitunguu na pombe ndivyo huachwa, na watu hula viazi, matunda, maziwa na karanga. Wako wanaofunga siku ya kwanza na ya nane tu.

Mashariki ya India, Wabengali humtukuza Durga kwa namna nyingine. Wao hutengeneza sanamu kubwa kwa mianzi, majani makavu na udongo wa mfinyanzi, Durga akiwa katikati pamoja na watoto wake wanne na nyati amelala miguuni pake. Mtaa wa Kumartuli mjini Kolkata huishi kwa kazi hiyo. Siku ya kumi sanamu hupelekwa mtoni na kuzamishwa, udongo ukarudi majini.

Kwa watu wa Ituri, mlango wa karibu zaidi wa sikukuu hii ni Wanepali. Wanajeshi wa Nepal wamelinda amani Bunia na viunga vyake, kwanza chini ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ambao tangu Julai 2010 unaitwa MONUSCO. Kwao sikukuu ya Durga huitwa Dashain, nayo ni kubwa kuliko zote za mwaka, huendelea siku 15. Siku ya kwanza shayiri hupandwa kwenye mchanga ndani ya chumba chenye giza, na huota majani marefu ya manjano. Mbuzi huchinjwa kwa wingi, jambo ambalo Wagujarati wasiokula nyama hawalikubali hata kidogo. Siku ya kumi wazee huwapaka vijana kwenye paji la uso mchanganyiko wa mchele, mtindi na rangi nyekundu, wakawapachika majani yale ya shayiri kichwani na kuwatakia heri. Shughuli hiyo huendelea hadi mwezi mpevu, jamaa wakitembeleana nyumba kwa nyumba.

Kwa Wagujarati siku ya kumi ni ya jalebi, vitamu ambavyo watu wa pwani wamevijua tangu zamani, na ya kupamba magari kwa mashada ya maua. Takriban siku 20 baadaye huingia sikukuu ya Diwali, ambapo wenye maduka hufungua daftari jipya la hesabu na kuliombea baraka.