ThinkPad: Laptopu nyeusi yenye kitone chekundu iliyouzwa na mwenyewe ikagoma kufa

Ingia kwenye duka lolote la laptopu zilizotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au katikati ya Nairobi, lazima utaiona. Nyeusi, pembe zake kama za sanduku, haina mbwembwe, na katikati ya kibodi kuna kitone chekundu mithili ya kichwa cha njiti ya kiberiti.

Hiyo ndiyo ThinkPad. Wapo wanaoiita "IBM" mpaka leo, ingawa IBM iliachana nayo tangu 2005.

Ilianza 1992 na bado inatengenezwa, jambo ambalo majina mengi ya kompyuta ya enzi zake hayakuweza. Katikati ya safari iliuzwa na kampuni iliyoizaa, na wengi wakaamini kwamba imekwisha. Ilipona vipi? Na kwa mtu anayetaka kununua moja leo, historia hiyo inamsaidia nini?

Jitu lililoanza kuyumba

Agosti 12, 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilizindua kompyuta yake binafsi, IBM PC, kwa bei iliyoanzia dola 1,565. Timu ndogo iliyoongozwa na Don Estridge huko Boca Raton, Florida, iliitengeneza kwa takriban mwaka mmoja.

Ili kuwahi, timu hiyo haikutengeneza kila kitu yenyewe. Prosesa ilitoka Intel, mfumo endeshi ukatoka Microsoft.

Kompyuta ikatoka haraka na kuuza sana. Lakini mlango ukabaki wazi. Kampuni nyingine, Compaq ikiwemo, nazo zikanunua vipuri vya aina hiyohiyo na kutengeneza kompyuta zinazoendesha programu zilezile. IBM ikajikuta inagombania soko ililolifungua yenyewe.

Upande wa kompyuta za kubeba ndiyo usiseme. Mashine ya kwanza ya IBM ya kubebeka ya aina hiyo, iliyotoka 1984, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 14. Kubebeka ilibebeka, ila mbebaji alijua amebeba.

Kufikia 1992 hali ilikuwa mbaya. Mwaka huo IBM ilipata hasara ya karibu dola bilioni 5, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimetangazwa na kampuni ya Marekani hadi wakati huo. Ni mwaka huohuo ThinkPad ilipozaliwa.

Jina lilitoka kwenye kidaftari

Kwa miaka mingi IBM ilikuwa na neno lake moja: "Think", yaani fikiri. Lilianzishwa na Thomas Watson, mkuu wa kampuni aliyeijenga. Wafanyakazi walipewa vidaftari vidogo vya mfukoni vyenye neno hilo kwenye jalada.

Wakati wa kutafuta jina la kompyuta mpya, mfanyakazi mmoja akapendekeza liwe la hicho kidaftari: ThinkPad. Wakubwa wengine wakapinga. Bidhaa za IBM zilizoea kuitwa kwa namba, na jina hilo lilikuwa gumu kutafsiriwa kwa lugha nyingine.

Jina likapita. Lilitumika kwanza kwenye tableti ya kuandikia kwa kalamu, mwezi Aprili 1992. Oktoba mwaka huohuo ikatoka laptopu yenyewe, ThinkPad 700C, kwa bei ya dola 4,350.

Bento ya Kijapani, mkono wa Mjerumani

Umbo la ThinkPad lilichorwa na Richard Sapper, mbunifu Mjerumani aliyekuwa akifanyia kazi zake Milan, Italia. Wazo alilitoa kwenye bento, kisanduku cha chakula cha Wajapani. Kwa nje ni cheusi na kimya. Ukikifungua ndiyo unaona rangi na vilivyomo.

Wakati huo kompyuta nyingi zilikuwa za rangi ya kijivu au maziwa. Nyeusi ilikuwa ujasiri.

Kazi ya kiufundi ilifanyika Yamato, Japani, kwenye maabara ya IBM. Mhandisi Arimasa Naitoh ndiye anayeitwa baba wa ThinkPad. Ndani ya 700C waliweka skrini ya rangi ya inchi 10.4, kubwa kwa laptopu ya wakati huo na ndiyo iliyowavuta wengi.

Kitone chekundu ni cha nini?

Wengi wanaonunua ThinkPad iliyotumika hawakigusi kabisa. Wengine hudhani ni urembo. Kumbe ni kipanya.

Mtafiti Ted Selker alivutiwa na tatizo dogo: mtu anayechapa anapoteza robo tatu ya sekunde kila anapotoa mkono kwenye kibodi kwenda kushika kipanya. Kurudi nako ni muda mwingine. Kwa siku nzima ya kazi, muda huo ni mwingi.

Akiwa IBM, yeye na wenzake wakatengeneza kidude kinachokaa katikati ya herufi G, H na B. Unakisukuma kwa ncha ya kidole na mshale unakwenda. Mikono haitoki kwenye herufi. Kinaitwa TrackPoint.

Rangi yake nayo ilileta mzozo. Kanuni za IBM ziliitenga rangi nyekundu kwa ajili ya swichi za kuzima mitambo mikubwa wakati wa dharura. Wabunifu wakaiandika kwenye karatasi zao kama "majenta", ikapita. Baadaye ikasogea polepole mpaka ikawa nyekundu kamili.

Kipepeo na anga za juu

Desemba 1993, ThinkPad 750C ilisafiri na chombo cha Endeavour, katika safari ya kwenda kuikarabati darubini ya anga ya Hubble. Miaka iliyofuata ThinkPad zikawa za kawaida pia kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Mwaka 1995 ikatoka 701C, iliyopewa jina la utani Kipepeo. Mhandisi John Karidis aliikata kibodi vipande viwili. Ukifunua kifuniko, vipande vinateleza na kuungana, kibodi inakuwa pana kuliko kasha lenyewe. Ukifunga, vinajikunja vyenyewe.

Iliuzwa sana, lakini haikuishi muda mrefu. Skrini zilipoanza kuwa kubwa, makasha nayo yakapanuka, na ujanja ule ukakosa kazi. Leo 701C imo kwenye mkusanyiko wa jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la MoMA, New York.

Siku IBM ilipomuuza mtoto wake

Desemba 2004, IBM ilitangaza kwamba inauza kitengo chake chote cha kompyuta binafsi. Mnunuzi alikuwa Lenovo ya China. Thamani: dola bilioni 1.25 za fedha taslimu na hisa, pamoja na kubeba madeni ya dola milioni 500. Biashara ilikamilika Mei 2005.

Sababu haikuwa ThinkPad kuwa mbovu. Faida kwenye kompyuta binafsi ilikuwa nyembamba, na IBM ilitaka kubaki na huduma, programu na mitambo mikubwa.

Lenovo ilianza 1984 mjini Beijing, ikiwa na watu 11 na mtaji wa yuan 200,000 kutoka Chuo cha Sayansi cha China. Nje ya China iliitwa Legend, ikabadili jina mwaka 2003. Miaka 20 baada ya kuanza, ikakinunua kitengo cha kompyuta binafsi cha kampuni ambayo ilikuwa jina la kompyuta lenyewe.

Wateja wakaingiwa na wasiwasi. Wengine walihofia ubora utashuka. Nchini Marekani ikaingia siasa: mwaka 2006, Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imenunua maelfu ya kompyuta za Lenovo, na baada ya malalamiko bungeni ikasema hazitatumika kwenye mitandao ya siri.

Kilichoiokoa ThinkPad ni kwamba Lenovo haikununua jina tupu. Ilichukua na watu, takriban wafanyakazi 10,000, pamoja na maabara ya Yamato. Naitoh alihamia Lenovo na timu yake. Mikono iliyotengeneza za zamani ndiyo iliyoendelea kutengeneza mpya.

Mwaka 2013 Lenovo ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa kompyuta binafsi duniani. Januari 2015 ilitangaza kuwa imefikisha ThinkPad milioni 100.

Wateja waliposema hapana

Haikuwa raha tupu. Mwaka 2012 Lenovo iliacha kibodi ya zamani ya safu saba na kuleta ya safu sita. Mashabiki wakanung'unika, lakini kampuni haikurudi nyuma.

Mwaka 2013 ikaenda mbali zaidi. Kwenye T440 na ndugu zake iliondoa vitufe vya kubofya vinavyokaa chini ya kibodi, vile vinavyotumika pamoja na kitone chekundu. Bila vitufe hivyo kitone kilikuwa kama usukani usio na gari. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2015, kwenye T450, vitufe vikarudi.

Mwaka 2017, ThinkPad ilipotimiza miaka 25, Lenovo ilitoa toleo maalumu lenye kibodi ya safu saba. Lilikuwa la idadi ndogo, kwa ajili ya wale wale waliokuwa wakinung'unika.

Kwa nini zimejaa madukani?

ThinkPad ni laptopu ya ofisi. Benki, serikali na makampuni makubwa huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka michache, kisha huzibadilisha zote kwa mpigo. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, husafishwa, na nyingine huishia kwenye makontena ya kuja Afrika.

Jambo la pili ni fundi. Tangu enzi za IBM, kampuni hutoa bure mwongozo wa matengenezo unaoonyesha hatua kwa hatua: skrubu ipi itangulie, kipuri kipi kina namba gani. Kwa miaka mingi RAM, diski na kibodi vilibadilishwa kwa bisibisi moja. Kwa mwanafunzi au mwenye stesheni ndogo ya uchapaji, hiyo ndiyo tofauti kati ya kutengeneza na kutupa.

Lakini si ThinkPad zote ziko hivyo. X1 Carbon, ile nyembamba iliyoanza 2012, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua yenye RAM ndogo, utabaki nayo hivyohivyo. T480 ya 2018 ina betri mbili, moja ya nje unayoichomoa kwa mkono. T490 iliyofuata ikaiondoa betri hiyo, na sehemu ya RAM ikachomelewa.

Mwaka 2024 mwelekeo uligeuka kidogo. Lenovo ilishirikiana na iFixit, kampuni inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, na T14 ya kizazi cha 5 ikapata alama 9 kati ya 10.

Kabla hujatoa pesa

Anayenunua ThinkPad iliyotumika aangalie mambo haya manne:

- Nywila ya msimamizi. Izime, iwashe, kisha bonyeza F1 kuingia kwenye mipangilio ya ndani. Ikidai nywila na muuzaji haijui, iache. Kwenye ThinkPad hiyo haifutiki kwa kutoa betri ndogo ya bodi kama kompyuta nyingine, na fundi anaweza kulazimika kugusa bodi yenyewe.

- Kizazi cha prosesa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho Oktoba 14, 2025. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi kwa kawaida inahitaji kizazi cha 8 kwenda mbele. Soma namba: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Usiamini jina la modeli peke yake, maana hata T480 nyingine zilitoka na kizazi cha 7. Kwa mashine za zamani zaidi, Linux hukubali vizuri.

- Chaja. Kuna za tundu la duara, za tundu la mstatili na za USB-C. Hakikisha unayopewa ndiyo yake, na ni ya wati zinazotosha.

- Kibodi na kitone. Chapa kila herufi, kisha sukuma kitone pande zote nne. Kikiwa kimelika au hakipo, usiogope. Kofia yake ni kipande kidogo cha mpira kinachochomolewa na kuwekwa kingine, na hicho ndicho kipuri rahisi kuliko vyote kwenye mashine nzima.