Holografia ya Kidijitali na Kina cha Vitu

Picha ya kawaida, hata iwe imepigwa kwa kamera ya thamani kubwa namna gani, huandika tu wapi nuru imekolea na wapi imefifia, ikaipoteza habari iliyo azizi zaidi, yaani kila wimbi la nuru limechelewa kwa kiasi gani katika safari yake. Na maadamu umbali na unene wa vitu hukaa katika kuchelewa huko, picha hutupa uso usio na kina.

Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alipokuwa Rugby, Uingereza, mwaka 1947, akitafuta tadbiri ya kuboresha hadubini ya elektroni, aliona kuwa mawimbi yatokayo kwenye kitu yakikutanishwa na mawimbi mengine ya rejea, huacha milia myeusi na myeupe inayoihifadhi habari hiyo yote, nayo ndiyo hologramu. Fikra ilizitangulia ala, kwani leza, nuru iliyofaa kazi hiyo, haikupatikana hadi 1960. Naye alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1971.

Mwaka 1994, watafiti Schnars na Jüptner wa Bremen, Ujerumani, waliipokea hologramu moja kwa moja kwa kitambuzi cha kamera, pasi na bamba wala dawa za kuoshea picha. Hologramu ikawa jedwali la namba, na kompyuta huyarudisha mawimbi nyuma kihesabu hadi kilipokuwa kitu, hata mtazamaji akaweza kulenga tabaka alitakalo baada ya picha kwisha kupigwa.

Faida yake kubwa, kwa rai yangu, imo katika tone la damu. Chembe nyekundu, yenye upana wa mikromita 8 hivi, haizuii sana miali myekundu ya leza, bali huichelewesha. Na kuchelewa huko kukihesabiwa nukta kwa nukta, hutokea ramani ya ukingo ulionenepa, kitovu kilichobonyea, na utando unaotetema kwa makumi ya nanomita, chembe ingali hai, haikutiwa rangi yoyote. Watafiti wameonyesha kuwa vimelea vya malaria vikiingia humo, utando hukakamaa na mtetemo hupungua.

Kasoro zipo: kipimo kimoja huchanganya unene wa chembe na wingi wa himoglobini iliyomo, ndiyo maana chembe humulikwa kutoka pande nyingi, tena mtikisiko mdogo wa meza huivuruga milia. Lakini leza ndogo, vioo vichache, kamera na kompyuta vyatosha kuanzia, na vyuo vyetu, katika nchi ambazo malaria ingali ikiua watoto, vyapaswa kuifundisha elimu hii sasa.