Mwizi Asiyevunja Mlango

Katika vyama vingi vya msingi vya pamba, sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa kwa leja na hundi sasa hufanywa kwa kompyuta. Taarifa za vyama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mfumo uitwao MUVU, na malipo ya wakulima hupitia benki. Hivyo yafaa makatibu na wanachama waelewe aina moja ya wizi ambayo haigusi kufuli wala sefu.

Wizi huo hutumia programu ambayo, ikishaingia katika kompyuta, humpa mtu aliye mbali uwezo wa kuiendesha kana kwamba ameketi mbele yake. Mtu huyo aweza kuwa Mwanza mjini au ng'ambo. Huona kinachoandikwa, hunakili majalada, hupata maneno ya siri yanapobonyezwa, na huweza hata kuwasha kamera. Mafundi nao wanazo programu za kufanya kazi kutoka mbali, nazo ni halali; ile ya wezi huingia bila idhini na hujificha.

Mara nyingi anayeifungulia mlango ni mwenye kompyuta. Barua pepe huja na kiambatisho kinachofanana na ankara au waraka wa serikali, katibu akakifungua. Au flashi ya chama huchomekwa katika kompyuta ya duka la steshenari ili barua ichapwe, ikarudi ofisini na ugonjwa. Programu zilizonakiliwa kwa wizi, ambazo wengi huzipenda kwa kuwa hazilipiwi, ni njia nyingine.

Mwezi Mei 2023 shirika la habari la Reuters lilieleza jinsi wadukuzi walivyozishambulia wizara na idara za Serikali ya Kenya kwa muda wa miaka kadhaa. Kwa maelezo hayo, waliingia baada ya mtumishi mmoja kupakua waraka wenye programu ya siri pasipo kujua. Reuters iliwahusisha wadukuzi hao na China, nayo China ikakanusha. Wala vyombo hivi si vya wakubwa peke yao. Mwaka 2014 wakuu wa Marekani walitangaza kwamba programu iitwayo Blackshades, iliyopatikana kwa dola 40, ilikuwa imeingia katika kompyuta zaidi ya nusu milioni, katika nchi zaidi ya 100.

Kwa chama cha msingi hatari ina sura mbili. Ya kwanza ni fedha za wakulima. Ya pili husahauliwa: mwizi akihamisha fedha kwa kompyuta ya katibu na kwa neno la siri la katibu, kumbukumbu za benki zitaonyesha jina la katibu. Mkaguzi ataona hesabu iliyoidhinishwa sawasawa, na mtu asiye na kosa atasimama mbele ya mkutano mkuu akiulizwa fedha zilikokwenda.

Ndiyo maana malipo hayana budi kuidhinishwa na watu wawili, kila mmoja kwa neno lake la siri na kwa kifaa chake. Katibu kushika maneno yote mawili ni desturi ile ile mbaya ya mwenyekiti kutia sahihi hundi tupu kabla ya safari.

Kishale kikitembea chenyewe katika kioo, au malipo yasiyojulikana yakionekana, kompyuta ikatwe intaneti mara moja, na benki ipigiwe simu. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kompyuta nyingine iliyo salama, kwani yakibadilishwa kwa ile ile, mwizi atayasoma upya. Kompyuta isifutwe wala isipewe fundi wa mtaani kabla ya polisi kuarifiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, na ushahidi wa kumsafisha katibu huenda umo ndani ya mashine hiyo hiyo.